Barabara Ikilala, Muiache Ilale

Wajukuu wangu, na nyinyi wengine mnaoniita shosho hata kama mama zenu siwajui, nimeziona meseji zenu. Kila wiki ni ile ile: "Shosho, tunataka kukodi gari tujiendeshe wenyewe, tuzunguke Meru mpaka Embu, twende mwezi gani?" Kabla sijapata miwani nijibu, mtu ameshanitumia picha ya simu yake, jua la manjano limechorwa juu ya neno Meru, na ananiambia ameshaamua. Sasa kama umeshaamua, unaniuliza nini? Lakini sikasiriki. Nimestaafu, nina kiti changu hapa barazani Kiirua, asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye boma la mbuzi halafu unapanda tena wenyewe, na mtu aliyestaafu anapenda kuulizwa. Nitajibu kwa njia yangu, mbele nyuma, maana hata mambo yenyewe hayanijii kwa mpangilio.

Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ndogo mjini Meru, ya magari ya kukodisha, yale ambayo mgeni anapewa ufunguo anaenda zake. Watu walidhani mimi ni karani wa funguo. Kutoa ufunguo si kazi, hata mtoto anaweza. Kazi yangu ilikuwa kumkalisha mgeni kwenye benchi, nimpe chai, nimwulize anataka kuona nini, anaenda na nani, na mbona sasa. Nikishayajua hayo ndipo ninamwambia ashike njia gani na katika msimu gani. Wengine niliwarudisha nyumbani waje mwezi mwingine. Mwenye ofisi alinung'unika sana, lakini wale niliowarudisha walikuja tena, na wakaja na dada zao na shemeji zao.

Aliyenifundisha ni fundi wetu, mzee Ireri, Mmbeere wa kule chini kwenye joto. Huyu mzee alikuwa akishinda chini ya magari, na akitaka kusema nawe anasema kutoka huko huko. Mwaka wangu wa kwanza nilivijua viatu vyake kuliko uso wake. Siku moja alinisikia nikimwambia mgeni kwamba Julai haifai kwa safari, kwa sababu Julai ni baridi na manyunyu, nguo unazianika Jumatatu unazitoa Ijumaa bado zina maji. Sauti ikatoka chini ya gari: "Hiyo ni Julai ya kwenu." Nikamwuliza kwani kuna Julai nyingine. Akatoka, akajipangusa mikono, akaniambia nipande.

Tulitoka mjini Meru nikiwa na sweta mbili na skafu. Taa za gari zilikuwa zimewashwa asubuhi ile kwa sababu ya ukungu. Tukashuka upande wa Mitunguu, na kabla sijamaliza kulalamika nikawa nimevua sweta ya kwanza. Tukashuka tena, nikavua ya pili. Ghafla ukungu ukabaki juu yetu, mbele yetu ikafunguka nchi nzima iliyojaa jua, nyasi za rangi ya asali, miti haina majani, mto umekuwa mwembamba na kila mnyama anajua uko wapi. Mzee Ireri alizima gari, tukakaa. Niliogopa kupepesa macho, nikidhani nikipepesa nitajikuta nimerudi ofisini na skafu yangu. Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tukiwanyima watu mwezi mzuri kwa sababu ya kamba yetu ya nguo.

Kwa hivyo usiulize mvua itanyesha lini. Uliza itanyesha wapi. Sisi tunaishi kwenye mteremko, na kila ukishuka kidogo unabadilisha mwezi. Januari na Februari ni kukavu juu na chini, hapo hata mzembe wa kupanga atasafiri vizuri. Machi ikielekea mwisho mpaka Mei ni masika, barabara za udongo zinakuwa uji. Juni mpaka Septemba huku juu ni sweta, kule chini ni jua. Oktoba mvua inarudi, na Novemba kule chini panageuka kijani kwa siku chache tu, ulale kijivu uamke kijani, lakini uwe na subira ya tope. Niliwahi kupata maharusi kutoka Mombasa waliokuja Agosti na kandambili, bila hata soksi. Walikuwa wamesikia Meru kuna simba, wakadhani palipo na simba pana joto. Wakalala huku kwetu Kiirua usiku wa kwanza. Asubuhi nikawapitia, nikamkuta bwana harusi anakunywa chai amejifunga blanketi kiunoni na lingine kichwani, na bibi harusi ananiuliza kwa upole mwingi kama huku ndiko tunakohifadhi nyama. Nikawapa sweta za watoto wangu, nikawateremsha.

Simu zenu mnazoniletea zinasema ukweli, sikatai, ila zinasema ukweli wa mjini. Mimi nilikuwa na Gakoromone. Kabla ya kufungua ofisi nilikuwa napitia pale sokoni, na sikuwa nanunua kitu kwanza. Nilikuwa natazama magunia. Kabichi za Timau zikija na udongo mkavu, barabara ya juu iko sawa. Magunia ya vitunguu ya watu wa Ruiri yakiwa na tope jeusi lililoganda chini, usimtume mtu njia ya Ruiri, ule udongo mweusi ukilowa unashika gurudumu mpaka gurudumu linasahau kuzunguka. Na akina mama wa Tharaka, wanaoleta mapapai na ndengu kutoka kule chini, hao nilikuwa natazama miguu. Wakija na viatu vyenye vumbi, natoa gari. Wakija na kandambili mkononi, nasubiri. Wasipokuja kabisa, nafunga ofisi naenda kunywa chai. Watu wa Tharaka na watu wa Mbeere wananyeshewa na mawingu yale yale, kwa hivyo ukiwaona hawa umewaona na wale.

Hapo sokoni ndipo pia nilipowafanya wageni wangu wanunue chakula chote cha njiani. Nduma zilizochemshwa, ndizi, njugu, maembe yakiwa msimu wake, vyote kwenye kiondo. Mnanicheka mkisikia hivyo, mnataka vitu vya supamaketi vyenye makaratasi. Ganda la ndizi utalitupa mbuzi atashukuru. Lile karatasi lako la biskuti litakaa kule chini mpaka wewe uwe shosho. Msafiri kwa gari moja mkiwa mmejaa kuliko magari matatu yenye watu wawili wawili wanaopigiana simu. Mlale mahali pamoja siku kadhaa, mjue hata jina la mbwa wa pale, badala ya kukimbiza vituo. Msioshe gari mtoni, kuna mtu anayachota maji hayo mbele yenu. Na msitoke kwenye njia kufuata mnyama, hata kama jirani yako ametoka. Haya yote nilikuwa nikiyasema kila siku mpaka mwenye ofisi akawa anayaigiza kwa sauti yangu.

Lakini kuna jambo moja sikulijua mpaka Aprili yangu ya mwisho kazini, na ndilo lililonifanya nianze kuwaandikia haya.

Alikuja mkulima wa majani chai anaitwa Mutwiri, kutoka kule juu karibu na msitu. Mtu mzima, kofia mkononi, viatu vimepigwa rangi. Nyuma yake binti yake, Kanana, msichana mchangamfu wa macho makubwa. Nikawapa chai, nikauliza yale maswali yangu.

"Mama," Mutwiri akasema, "huyu anaenda Ujerumani. Amepata kazi huko, ni nesi. Anaondoka Jumapili na hajawahi kuona ndovu."

"Na wewe umewahi?"

Akafikiria. "Mimi nimeona majani chai," akasema.

Kanana akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Shida ilianzia kwa darasa la Kijerumani," akaniambia. "Mwalimu alisema kila mtu aeleze mnyama wa kwao. Wengine wakasema simba, wengine twiga. Mimi sijui chochote, nikaeleza ng'ombe wetu wa Friesian. Mwalimu akaniambia huyo ni wa kwao huko Ujerumani."

Tukacheka wote. Halafu Mutwiri akaweka kofia mezani, akasema kilichomleta hasa. Mama yake Kanana, Wawira, alikuwa mtu wa Mbeere. Alifariki Kanana akiwa bado shule ya msingi. Alipokuwa hai alikuwa akimsimulia mtoto kwamba kwao ndovu hupita nyuma ya nyumba, na mtoto akadhani ni hadithi ya kumlaza. Kila mwaka Mutwiri aliahidi kuwapeleka. Kila mwaka majani yalikuwa tayari kuchumwa. "Sasa anaenda mbali," akasema, "na sitaki awe mgeni kule na huku pia awe mgeni. Nataka aone kwa mama yake kabla hajapanda ndege. Jumamosi watu wa kanisa wanakuja kumwombea. Tuna Alhamisi na Ijumaa peke yake."

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia Aprili ni katikati ya masika, na mahali anapotaka kwenda, ile mbuga ndogo ya Mbeere kando ya bwawa, lami inaishia mbali na kilichobaki ni udongo. Ningemwambia aje Agosti. Lakini Agosti msichana hatakuwepo, na yeye alijua na mimi nilijua. Nikasema waje asubuhi, nitaangalia soko.

Asubuhi ile ya Alhamisi Gakoromone ilikuwa nzuri mno, jua limetoka mapema, kila nyanya inang'aa. Ila pale wanapokaa akina mama wa Tharaka palikuwa wazi. Hakukuwa na papai hata moja. Mwuza kabichi wa karibu akaniambia hawajaonekana. Nikarudi ofisini, nikamwambia Mutwiri kwamba kule chini kumenyesha usiku, tungoje mpaka Ijumaa.

Mutwiri akanishika mkono, akanitoa nje, akanyoosha kidole. Kirimaara, mlima wetu, ulikuwa wazi mpaka kileleni, mweupe, karibu uuguse. "Unaona huo?" akasema. "Mlima ukiwa hivyo asubuhi, mimi nachuma mpaka jioni bila viatu vya gambuti."

"Huo ni mlima wa kwenu," nikasema, na nikajisikia nikiongea kama mzee Ireri.

"Na Ijumaa ikinyesha je?"

Hakuna mtu wa kazi hii aliye na jibu la hilo. Akafungua mlango wa nyuma wa gari. "Kama unajua barabara kutushinda, panda," akasema. Nikapanda. Miaka yote nilikuwa nikituma watu, siku hiyo nikatumwa mimi.

Ile safari bado huwa naiota. Mutwiri aliendesha polepole kama amebeba majani. Kanana alikaa mbele na mkono nje ya dirisha. Unajua barabara ya Meru kwenda Embu, inashuka mpaka mtoni, inavuka, inapanda, inashuka tena kwa mto mwingine, mpaka mtu anasinzia macho yakiwa wazi. Chai ikaisha, Mutwiri akaitazama kwenye kioo mpaka ikapotea. Kahawa ikaja ikaisha. Migomba. Halafu tukaiacha barabara kubwa tukaelekea chini, nchi ikapanuka, miiba ikaanza, na hewa ikawa na harufu ya udongo ulionyeshewa. Mimi nilijua harufu hiyo maana yake nini. Kanana alifunga macho akaivuta. "Mama alikuwa ananukia hivi akitoka shambani," akasema. Nikaona siwezi kuiharibu kwa kusema ninalolijua.

Pale lami inapoisha, mti mrefu ulikuwa umelazwa kukatisha barabara, juu ya panda mbili. Kando yake ameketi mwanamke wa makamo kwenye kigoda, anasuka kiondo. Hakusimama.

"Karibuni," akasema. "Barabara imelala."

Mutwiri akashuka. "Imelala vipi?"

"Kumenyesha. Kukinyesha tunaiacha ilale mpaka ishikane. Miguu inapita, punda anapita, na mgonjwa akiwa kwa bodaboda anapita. Gari hapana." Akatuambia jina lake ni Marigu, na kwamba wakazi wenyewe ndio walioweka mti huo, kwa zamu, na leo ni zamu yake.

"Mama, hii gari ni ya four-wheel," Mutwiri akasema. "Haiwezi kukwama."

"Hatuogopi ikwame," Marigu akasema. "Tunaogopa ipite."

Wajukuu wangu, maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nikiwafundisha watu wasikwame. Nimewafundisha kupunguza upepo wa magurudumu, kuweka matawi chini ya tairi, kutumia gia ndogo, kutokanyaga breki kwenye tope. Sikuwahi hata mara moja kumwambia mtu afikirie kinachobaki nyuma yake akishapita salama. Nilisikia uso wangu ukipata moto, na haikuwa joto la Mbeere.

Marigu hakuwa mkali. Alieleza huku anasuka. Masika moja waligombana kuhusu mti huo, wakauacha wazi, gari kubwa la watalii likapita mara mbili, kwenda na kurudi. Likaacha mitaro miwili. Mvua ikaingia kwenye mitaro ikaifanya mifereji, na bodaboda haikupita tena mpaka kiangazi. "Jirani yangu alishikwa na uchungu," akasema. "Tulimbeba kwa kitanda, vijana wanne, wanateleza, wanaanguka, wanainuka. Tulifika naye. Mtoto hakulia."

Kanana alikuwa ameshuka. Alisimama pale akisikiliza kwa namna manesi wanavyosikiliza, mikono imetulia.

Mutwiri akatoa alichobakiwa nacho. "Mama yake huyu ni wa hapa," akasema, na sauti yake haikuwa ya kujadiliana tena. "Ni Wawira. Wa kwa mzee Ngari."

Kiondo kikaanguka. Marigu akasimama, akamshika Kanana mashavu, akamgeuza huku na huku. "Tulichota maji na huyo," akasema. "Aliolewa huko kwenye baridi tukalia." Akamkumbatia, wakakaa hivyo, na mimi nikatafuta leso yangu. Nikadhani mti sasa utainuliwa, na Mutwiri naye alidhani hivyo, maana alishaanza kurudi kwenye usukani.

"Mzee," Marigu akamwita. "Hata angekuwa Wawira mwenyewe amekuja na gari, ningemwambia aiache hapa."

Mutwiri akaenda akasimama nyuma ya gari. Nilimfuata kwa sababu mtu hafai kuachwa peke yake wakati kama huo. Alikuwa akilia bila sauti. "Nilimwahidi mama yake," akaniambia. "Nikamwahidi na yeye. Ona sasa." Sikumkumbusha kwamba nilisema tungoje. Hata kama ningekuwa na haki ya kusema, ingemsaidia nini?

Tuliporudi mbele, Kanana alikuwa ameketi chini anafungua kamba za viatu. "Baba, vua viatu," akasema. "Si miguu inapita?"

Marigu akamwita jirani ashike zamu, akatuongoza. Tope lile lilikuwa jekundu na la uvuguvugu. Mutwiri mwanzoni alinyanyua miguu kama kuku, halafu akaizoea. Sijui kama umewahi kumwona mkulima wa chai bila gambuti; alikuwa na miguu myeupe ya mtoto. Kanana alimshika mkono penye utelezi na baadaye hakumwachilia hata palipokuwa pakavu. Mimi nilikuwa nyuma yao, nachelewa kwa makusudi. Nchi nzima ilikuwa inatoa mvuke. Pande zote za njia maua meupe madogo yalikuwa yamefunguka, na ndege wanaita kutoka mahali usipopaona. Hakuna aliyekuwa anaharakisha. Ningependa kuwaambia tulitembea muda gani, lakini sijui, na nikiwauliza wao nao hawajui.

Mahali palipokuwa na nyumba ya mzee Ngari sasa ni mahindi, na ua wa minyaa umebaki upande mmoja. Marigu akatupeleka nyuma ya ule ua. Pale chini kwenye udongo laini kulikuwa na nyayo. Za duara, pana, moja baada ya nyingine, zimejaa maji ya mvua na anga ndani yake. "Walipita jana," Marigu akasema. "Wamevuka ng'ambo. Kukinyesha hawaji mtoni, wana maji kila mahali."

Kanana akaingiza miguu yote miwili kwenye unyayo mmoja. Maji yakampanda mpaka kwenye vifundo. Akatutazama, akacheka, halafu kicheko kikageuka. "Mama hakuwa anadanganya," akasema.

Ndovu wenyewe hatukuwaona. Tulilala kwa Marigu, tukala ugali wa mtama na kunde, Ijumaa mvua ikanyesha tena asubuhi yote, na barabara ikaendelea kulala. Ikabidi turudi. Kufika Chuka, Kanana amesinzia, Mutwiri akaniambia polepole bila kugeuka, "Namwacha aende bila kuwaona." Jumapili binti akapanda ndege.

Nilistaafu Juni. Agosti, asubuhi moja ya manyunyu, niko hapa barazani na blanketi, namwona Mutwiri anafungua geti na koti la mvua. Alikuwa amenitafuta kwa kuuliza sokoni. Hakuketi hata. "Mama," akasema, "Agosti ya kule chini ikoje?"

Nilifurahi jinsi sijawahi kufurahi kazini. Tukaenda, mimi na yeye, sweta zikavuliwa mahali pale pale pa siku zote. Ule mti ulikuwa umesimamishwa wima kando ya njia na barabara imekauka, imara, laini, haina mtaro hata mmoja. Marigu akapanda nyuma na mimi. Jua lilikuwa limelala chini juu ya nyasi za rangi ya asali. Tukaacha gari nje ya mahindi, tukapita nyuma ya minyaa, na mtoni kule chini walikuwa wamefika. Sikuwahesabu. Akina mama na watoto wao, wanakunywa maji bila haraka yoyote, wengine wakijirushia vumbi.

Mutwiri akatoa simu, akampigia Kanana ile ya kuonana kwa picha. Kule ilikuwa mapumziko ya zamu, msichana amevaa sare ya hospitali, ameketi kwenye ngazi. Mutwiri akainua simu juu kwa mikono miwili, akawaelekezea ndovu. "Unaona?" akasema. "Unamwona huyo mdogo? Huyo anaanguka, mwone. Hii ni kwa mama yako, Kanana. Unaona?"

"Nawaona, baba. Nawaona. Baba, geuza simu."

"Upande gani? Kule kushoto kuna mkubwa zaidi, ngoja."

"La, baba. Geuza nikuone wewe."

Hakujua inageuzwa vipi. Marigu akaichukua mkononi mwa Mutwiri, akaishika mbele yake. Mutwiri akavua kofia, akasimama wima jinsi mtu anavyosimama kupigwa picha ya kitambulisho, ndovu wote wako nyuma yake, na wakatazamana hivyo, yeye na mtoto wake, mpaka mtandao ukakatika.